Shene ya moto inalia: namna ya kujua kama inaomba mafuta, kukazwa ao kubadilishwa

Goma, Butembo, Bukavu, Bunia ao Kindu, watu wengi hufika kazini, sokoni na hospitalini kwa moto. Kinachopeleka nguvu ya moteri mpaka gurudumu la nyuma ni shene moja ya chuma, urefu wake karibu mita moja na nusu. Ikikatika penye mpando, moto inabaki bila nguvu na inaanza kurudi nyuma pamoja na abiria. Ikikatika katika mwendo, inaweza kujikunja penye pinyo ya mbele, ikafunga gurudumu ghafula ao ikapasua karteri ya moteri. Tena tuko na barabara ambapo hakuna mtu anayependa kukwama jioni.

Jambo zuri ni kwamba mara nyingi shene inasema mapema. Inalia, inagonga, inaruka. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunajibu kelele zote kwa dawa moja: «Kaza!» Kuna kelele zinazoomba kukazwa, ni kweli. Lakini kuna zingine zinazotokea kwa sababu shene imekazwa kupita kiasi, na zingine zinazosema kwamba shene imekwisha, hata ukikaza mara kumi. Hapa chini tunaeleza namna ya kuzitofautisha, kwa vyombo ambavyo motari yeyote anaweza kupata.

Shene inaisha wapi?

Watu husema shene «imevutika», kama vile raba. Chuma chenyewe hakivutiki hivyo. Kila kiungo cha shene kiko na kamusumari ndani, kinachozunguka katika kabomba kadogo, na juu ya kabomba kuna roli inayokaa kati ya meno ya pinyo. Mpango huo ulibuniwa na Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, mwaka 1880, na mpaka leo kanuni ni ile ile.

Vumbi ikiingia kati ya kamusumari na kabomba, ao mafuta yakikauka mule ndani, vyuma viwili vinasagana. Kila kiungo kinapoteza sehemu ndogo sana, chini ya nusu milimita. Lakini shene iko na viungo zaidi ya mia moja. Ukijumlisha zile sehemu ndogo zote, shene nzima inaongezeka sentimeta moja, mbili, tatu. Kwa hiyo shene inayoonekana safi kwa nje inaweza kuwa imekwisha kwa ndani.

Shene ikiongezeka, viungo vyake haviingii tena sawasawa katika nafasi za meno. Vinapanda juu ya meno na kuyasaga. Ndiyo sababu shene na pinyo mbili, ile ndogo ya mbele na ile kubwa ya nyuma, huzeeka pamoja. Mtu anayeweka shene mpya juu ya pinyo za zamani zilizokwisha anaharibu pesa yake: meno mabaya yatakula shene mpya kwa muda mfupi.

Kwanza, hakikisha kama kelele inatoka kwenye shene

Kabla ya kununua piesi, fanya majaribio matatu mepesi.

La kwanza: simamisha moto, iweke katika pwamo, ni kusema bila vitesi, kisha vuta gazi kidogo. Kama kelele iko bado, haitoki kwenye shene ya nje, kwa maana hiyo imesimama. Angalia ndani ya moteri, pengine ile shene ndogo inayoendesha valvu.

La pili: zima moteri, ubaki katika pwamo, na sukuma moto kwa mikono mahali pasipo makelele. Kama unasikia kukwaruza kila gurudumu linapozunguka, chunguza frene za tamburi na rulema za gurudumu. Pandisha moto kwenye bekii ya katikati, shika mpira wa nyuma kwa mikono miwili na uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, rulema ao nati ya ekseli iko na shida, na kukaza shene hakutasaidia.

La tatu: moto ikiwa bado kwenye bekii, moteri imezimwa, shika pinyo kubwa ya nyuma na ujaribu kuizungusha mbele na nyuma huku gurudumu limeshikwa. Kati ya pinyo na gurudumu kuna vipande vya raba vinavyopunguza mshtuko. Vikichakaa, utasikia «ndu!» kila unapovuta gazi ao kuachilia. Wamotari wengi hudhani ni shene, wanakaza, na ile «ndu» inabaki.

Kama majaribio haya hayakuonyesha kitu, sasa rudi kwenye shene.

Kila kelele na maana yake

«Taka-taka-taka» penye mashimo na unapoachilia gazi. Shene imelegea na inapiga kifuniko chake ao mkono wa nyuma unaobeba gurudumu. Hii ndiyo kelele inayoomba kukazwa kweli. Ukiiacha, shene inaweza kutoka kwenye pinyo.

«Nguuu», sauti ya kuvuma inayopanda pamoja na mwendo, zaidi ukiwa na mzigo. Mara nyingi shene imekazwa mno, ao gurudumu la nyuma halikai sawa na pinyo ya mbele. Usikaze tena! Shene iliyokazwa mno inavuta rulema ya pinyo ya mbele ndani ya moteri na rulema za gurudumu la nyuma. Ukiona mafuta ya moteri yanatoka pembeni ya pinyo ndogo, pengine joani ya pale imekwisha kuharibika, na hiyo matengenezo ni ghali kuliko shene.

«Kwi-kwi-kwi», kama mlango usiotiwa mafuta. Shene imekauka. Inatokea sana baada ya kuosha moto mtoni, ao siku moja baada ya mvua kubwa, kutu ikianza kuwa nyekundu. Hapa dawa ya kwanza ni mafuta.

«Tak!» ya nguvu penye mpando, mzigo ukiwa mzito, na moto inashtuka kama mtu aliyejikwaa. Hapo shene inaruka jino. Meno yamekwisha, ao shene imekwisha, ao vyote viwili. Hii si kelele ya kusema «tutaona kesho». Shusha abiria, rudi polepole, na usipande tena mpando mkubwa na moto hiyo mpaka ibadilishwe shene.

Kelele inayorudi kwa kipimo. Hii inahitaji kuhesabu. Zima moteri, weka moto kwenye bekii katika pwamo, na zungusha gurudumu la nyuma polepole kwa kushika mpira. Tuchukue mfano wa moto yenye pinyo ya mbele ya meno 14, pinyo ya nyuma ya meno 42, na shene ya viungo 118. Kelele ao ugumu ukirudi kila mzunguko mmoja wa gurudumu, shida iko kwenye pinyo ya nyuma ao kwenye gurudumu. Ukirudi mara tatu kwa mzunguko mmoja, angalia pinyo ya mbele, kwa maana 42 ukigawa kwa 14 unapata 3. Ukirudi baada ya karibu mizunguko mitatu ya gurudumu, shida iko mahali pamoja kwenye shene: kiungo kilichokauka na kukataa kukunjika, ao ile atashi inayofunga shene. Weka alama ya chokaa kwenye mpira na uhesabu. Dakika tano zinatosha.

Pima kwa rula ya mtoto wa shule

Masikio yanasaidia, lakini rula inamaliza mabishano kati ya motari, fundi na bosi. Angalia nambari iliyochapwa kwenye vipande vya pembeni vya shene. Moto nyingi ndogo za huku kwetu hutumia shene ya 428. Kwa shene hiyo, kutoka kamusumari kamoja mpaka kanakofuata ni milimita 12,7. Ile ya 420 iko na kipimo hicho hicho, lakini ni nyembamba kwa upana.

Zima moteri, ondoa kifuniko cha shene, safisha sehemu moja, weka vitesi ya kwanza na sukuma moto nyuma kidogo ili upande wa juu wa shene unyooke. Hesabu tumisumari 21, ni kusema nafasi 20. Pima kutoka katikati ya kamusumari ka kwanza mpaka katikati ya ka 21. Rula ya sentimeta 30 inatosha.

Milimita 254: ni kipimo cha shene mpya.
Karibu milimita 256 na nusu: imeongezeka asilimia 1. Anza kuweka pesa pembeni.
Milimita 259: imeongezeka asilimia 2. Shene hiyo imekwisha.

Pima mahali patatu tofauti, maana shene haiishi sawa pande zote. Chukua kipimo kikubwa kuliko vingine.

Kama huna rula, shika shene pale nyuma kabisa, katikati ya pinyo kubwa, na uivute kuelekea nyuma. Ikitoka kwenye jino mpaka unaona nusu ya jino ao zaidi, imekwisha. Kisha angalia meno yenyewe. Jino zima liko na pande mbili zinazofanana. Jino lililokwisha limechongoka na kuinama upande mmoja, kama ndoana ya kuvulia samaki. Usisahau pinyo ndogo ya mbele: imefichwa chini ya kifuniko, lakini ndiyo inazunguka mara nyingi zaidi na mara nyingi inaisha kwanza.

«Tukate kiungo»: kwa nini si dawa

Siku inafika ambapo skuru za kukazia zimefika mwisho, gurudumu haliwezi kurudi nyuma tena, na shene bado inalegea. Hapo mara nyingi mtu anapendekeza kukata sehemu ya shene na kuifunga tena. Ni kazi ya dakika chache na bei yake ni ndogo.

Lakini tufanye hesabu. Viungo vya shene hupishana, kimoja cha ndani na kimoja cha nje, kwa hiyo kwa kawaida unakata viwili kwa mara moja. Kwa shene ya 428, viungo viwili ni milimita 25,4, zaidi kidogo ya sentimeta mbili na nusu. Sasa shene ya mita moja na nusu iliyoongezeka asilimia 2 imeongezeka sentimeta tatu. Unaona? Kama shene ilikuwa na urefu sahihi siku iliwekwa, basi siku ile imepata nafasi ya kukatwa viungo viwili, imekwisha kupita ao iko karibu sana kupita kipimo cha kutupwa.

Kukata kunapunguza urefu wa shene nzima. Hakurudishi milimita 12,7 kati ya tumisumari. Viungo vilivyobaki ni vile vile vilivyosagika, na vitaendelea kula meno. Kama uko mbali, katika safari, na hakuna njia ingine, kata ili ufike nyumbani. Lakini usihesabu kwamba umetengeneza moto.

Kukaza bila kuharibu

Kitabu cha moto yako ndicho kinatoa kipimo cha kweli. Kwa moto nyingi ndogo za kazi, shene inapaswa kucheza kati ya sentimeta mbili na tatu, juu na chini, katikati ya upande wa chini. Moto nyingi zenye kifuniko kizima ziko na tundu lenye kiziba cha raba: toa kiziba, ingiza kidole moteri ikiwa imezimwa, na uinue shene.

Zungusha gurudumu polepole na upime mahali panne ao patano. Shene iliyochakaa iko na sehemu ngumu na sehemu legevu. Kaza kwa kufuata sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Ukifuata sehemu legevu, ile ngumu itakuwa kama kamba ya gitaa.

Jambo hili ni muhimu zaidi kwetu sisi tunaobeba watu wawili na gunia la maharagwe. Moto ikiwa tupu, mkono wa nyuma umeinama. Ukipakia, amotiseri zinashuka, mkono unanyooka, na umbali kati ya pinyo mbili unaongezeka. Kwa hiyo shene iliyokazwa «vizuri kabisa» kwenye bekii inaweza kuwa ngumu mno ukiwa na mzigo. Baada ya kukaza, omba watu wawili wakae juu ya moto na upime tena. Ikiwa haichezi hata kidogo, legeza.

Alama za pembeni, kushoto na kulia, zilingane. Kama upande mmoja uko kwenye mstari wa tatu na mwingine kwenye wa nne, gurudumu limekaa upande na shene itasaga pembeni ya meno. Kisha kaza nati ya ekseli, rudisha gupii, na jaribu frene ya nyuma: gurudumu likirudi nyuma, fimbo ya frene inabadilika pia. Watu wengine hutoka garaji na shene nzuri lakini frene ikishika kila wakati, ao ikichelewa kushika.

Angalia vilevile atashi, kale kakipande kanakofunga shene. Upande wake uliozibwa uelekee kule shene inakokwenda. Mdomo wake ulio wazi ubaki nyuma. Ukiugeuza, jiwe dogo ao kijiti kinaweza kuusukuma, na shene ikafunguka njiani.

Mafuta gani, na lini?

Goma, vumbi nyeusi ya mawe ya volkano inasaga kama msasa. Ituri na Maniema, vumbi nyekundu wakati wa jua na potopoto wakati wa mvua. Bukavu, matope ya milima. Kote, adui ni yule yule: mchanga unaochanganyika na mafuta.

Ndiyo sababu kupaka girisi nzito kwa nje si vizuri. Haiingii ndani, mahali kamusumari kanasagika. Inabaki nje na kukusanya vumbi mpaka inakuwa kama dawa ya kunolea kisu. Mafuta machafu ya vidanje yanaweza kuokoa shene iliyokauka kabisa, lakini yanabeba unga wa chuma uliotoka kwenye moteri. Kinachofaa ni mafuta namba 90, yale ya bwati ya vitesi. Kiasi kidogo kinatosha.

Safisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Usitumie esanse: inawaka haraka, zaidi moteri ikiwa ya moto. Pangusa kwa kitambaa, acha ikauke. Kisha dondosha mafuta upande wa ndani wa shene, pale chini, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Shene ikizunguka, mafuta yanasukumwa kutoka ndani kwenda nje na kupita kwenye viungo. Pangusa yanayobaki kwa nje. Saa nzuri ni jioni, ukimaliza kazi, shene ikiwa bado na joto: mafuta yatakuwa na usiku mzima wa kuingia. Ukipaka asubuhi na kuondoka mara moja, sehemu kubwa itarukia mpira na nguo za abiria.

Kupaka kila kilometa 500 ni mwendo mzuri kwa barabara kavu na safi. Motari anayepiga kilometa 100 kwa siku anafika pale kwa siku tano. Wakati wa mvua, usingoje: paka kila ukiosha moto.

Na kifuniko cha shene, usikitupe. Wengine hukiondoa kwa sababu kinapiga kelele ao kinachelewesha fundi. Yamaha AG 100 na AG 200, zile zinazojulikana sana katika kazi za afya na kilimo, ziko na kifuniko kizima, na si kwa urembo: zilitengenezwa kwa kazi za shamba, mahali pa matope. Kifuniko kinalinda shene, na kinalinda pia kitenge cha mama anayekaa nyuma. Kitenge kikikamatwa na shene, ni mtu anayevutwa.

Nani analipa?

Hapa ndipo shene nyingi zinachelewa kubadilishwa. Motari anayepeleka pesa kwa bosi kila jioni anaona kwamba shene na pinyo ni kazi ya bosi. Bosi anaona kwamba ni motari ndiye aliyeiacha ikauke. Kati yao, moto inaendelea kuruka jino, na anayebebwa nyuma hajui lolote.

Njia rahisi ni kupatana mapema, siku ya kukabidhiana moto: mafuta ya shene na kukaza, juu ya motari, shene na pinyo mbili, zinunuliwe pamoja rula ikionyesha 259, juu ya bosi, ao vile mtakavyoelewana. Pimeni pamoja mara moja kwa mwezi na muandike kipimo kwenye daftari. Namba ikiandikwa, hakuna anayesema mwenzake anadanganya.

Na wewe abiria, uko na haki ya kusikiliza. Ukisikia ile «tak!» penye mpando, mwambie motari asimame, ushuke. Si kumdharau.

Neno la mwisho ni la vidole. Usisafishe wala kupaka mafuta shene huku moteri inawaka na vitesi imeingia, hata kama umeona fundi akifanya hivyo miaka yote. Kitambaa kikishikwa kati ya shene na pinyo, kinavuta mkono kabla hujapata nafasi ya kuuachilia, na shene inakata kidole. Zima moteri, toa ufunguo, weka pwamo, zungusha gurudumu kwa mkono. Inachukua dakika chache zaidi, na vidole vyote kumi vinarudi nyumbani.